Ari ya Kiongozi Hutengenezwa

Anayeongoza kikundi cha wachimbaji Masara, kamati ya maji Nyatike au chama cha akina mama Mbita huambiwa neno moja kila anaposema amechoka: jipe moyo. Ataambiwa na mchungaji, ataambiwa na mbunge siku ya harambee, ataambiwa na wakufunzi waliotumwa na shirika kufundisha uongozi kwa siku mbili. Ushauri huo una nia njema, lakini naona unampeleka kiongozi mahali pasipo na dawa. Unamfanya aamini kwamba ari ni kitu ambacho mtu amejaliwa au amenyimwa, na kwamba ikipungua basi kasoro ni yake. Mimi nashikilia kwamba katika kazi ndefu ari hutokana na jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Je, kuna kitu kinachoonekana kusonga? Je, mzigo umegawanywa? Je, kuna siku iliyotengwa ya kuuliza kama njia tuliyoishika bado inafaa? Mambo hayo yakiwapo, watu wa kawaida kabisa hudumu miaka na miaka. Yakikosekana, hata jasiri husalimu amri, tena mapema.

Tuchukue kazi inayojulikana vizuri Masara. Dhahabu imechimbwa katika ukanda huu wa Migori tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa Macalder ulianza miaka ya 1930 na kufungwa 1966, na kampuni ilipoondoka wenyeji waliendelea kwa sururu, nyundo na karai. Mawe yakishasagwa, unga wake huoshwa kwenye mbao zilizoinamishwa na kutandikwa kitambaa ili chembe nzito zinase. Kinachonasa hutiwa kwenye karai, kisha mtu, mara nyingi mwanamke, humimina zebaki juu yake na kuikanda kwa mikono mitupu mpaka ishikane na dhahabu. Kidonge cheupe kinachopatikana hukamuliwa ndani ya kitambaa, halafu huchomwa juu ya jiko la makaa, wakati mwingine lile lile linalopikiwa ugali jioni. Zebaki hugeuka mvuke. Huingia mapafuni, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Sasa fikiria mwenyekiti aliyeamua kwamba kikundi chake kitaacha zebaki, kitapata kibali halali na kitauza dhahabu kwa bei ya haki. Huyo amejitwika lengo la miaka, na wengi wa wanaomfuata hula leo kile walichochimba jana.

Lengo la namna hii humaliza ari kwa sababu zinazoeleweka. Faida yake haionekani kwa macho: mtoto ambaye hakudhurika hakuna anayemwona wala kumshangilia, lakini gramu zilizochelewa kupatikana kwa sababu mnajifunza njia mpya kila mtu anaziona. Tena sehemu kubwa ya matokeo iko mikononi mwa watu wengine. Sheria ya Madini ya 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo, ikaweka kamati ya kila kaunti yenye wawakilishi wa wachimbaji wenyewe, na ikagawa mrabaha ili asilimia 70 iende kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi palipo na madini. Watu wakatiwa moyo. Kisha mwaka 2019 Serikali ikasimamisha utoaji wa leseni mpya, na zuio hilo halikuondolewa hadi 2023. Hata Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2013, uliridhiwa miaka kumi baadaye. Kiongozi aliyesimama mbele ya wanachama mwaka 2020 akaahidi kibali kabla ya Krismasi alionekana mwongo bila kusema uongo. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo linarekebishika: alichagua kupima kazi yake kwa kitu ambacho hakuwa na uwezo nacho.

Hapo ndipo utafiti unapotusaidia. Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238 katika kampuni saba za Marekani, maandishi ya siku moja moja yanayokaribia 12,000, na mwaka 2011 wakachapisha kitabu kuhusu walichokiona. Siku ambazo watu walikuwa na hamu ya kazi zililingana, kuliko jambo lingine lolote, na siku ambazo kazi yenye maana kwao ilipiga hatua, hata hatua ndogo. Siku za kukata tamaa zililingana na kurudi nyuma, na pigo la kurudi nyuma lilikuwa na nguvu kuliko furaha ya kusonga. Kisha watafiti hao wakawauliza mameneja 669 ni nini kinachowapa wafanyakazi ari kati ya mambo matano, na kuona kazi ikisonga mbele kulishika nafasi ya mwisho. Wasimamizi wenyewe hawakujua. Nakubali kwamba ofisi za Marekani si machimbo ya Masara, na mtu anaweza kukataa kulinganisha. Lakini mchimbaji anayeshuka shimoni anajua jambo hilo kuliko mtafiti yeyote: akiona mshipa wa mawe meupe unaendelea, atachimba mpaka usiku, na usipoonekana siku nne mfululizo, siku ya tano atasema mgongo unauma.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kiongozi ni kubadilisha kinachohesabiwa. Kibali kibaki kuwa lengo, kiandikwe ukutani, lakini kisiwe ndicho kipimo cha kila mwezi. Daftari la katibu liwe na mambo ambayo kikundi chenyewe kinaweza kuyafanya yatokee: ni wanachama wangapi wamepeleka nakala za vitambulisho, ni akina mama wangapi sasa wanakanda kwa glavu, ni mara ngapi mwezi huu kidonge kimechomewa ndani ya chombo kinachonasa mvuke na kurudisha zebaki badala ya kuuachia hewani, ni kiasi gani cha zebaki kilichonunuliwa ukilinganisha na mwezi uliopita. Hili la mwisho nalipenda zaidi, kwa sababu ni namba inayoshuka, inaonekana kwenye risiti, na inabaki mfukoni kama pesa. Mkutano ukianza kwa kusomwa ukurasa huo kabla ya malalamiko, wanachama huondoka wakijua kitu kimetendeka hata kama ofisi ya madini imenyamaza. Na mwenyekiti naye, ambaye pengine alikuja na moyo mzito kuliko wote, atasikia hilo.

Kuna kazi iliyofanyika ng'ambo kidogo tu, Mbita, inayoonyesha hili kwa ukamilifu kuliko mfano wowote ninaoujua. Wakulima wa Homa Bay na Migori wanalijua gugu la kayongo, lenye maua mazuri ya zambarau, ambalo hujishika kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kunyonya hadi mmea unanyauka hata mvua ikinyesha. Mmea mmoja wa kayongo hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Hebu mfikirie adui wa namna hiyo mbele ya mtu anayetaka matokeo msimu huu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo na ambacho kina tawi Mbita lenye jina lake, kilianza katika miaka ya 1990 kutafuta njia ya kuwadhibiti viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya, walipanda katikati ya mistari ya mahindi mimea ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa viwavi hao, na kuzungushia shamba nyasi za nepia zinazowavutia. Wakaiita sukuma-vuta. Katika majaribio hayo wakagundua jambo ambalo hawakulitafuta: palipopandwa desmodiamu, mmoja wa mimea hiyo ya kufukuza nondo, kayongo ilipungua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo kisha kuzizuia zisijishike kwenye mahindi, kwa hiyo akiba ya mbegu ardhini hupungua msimu hadi msimu.

Angalia sasa mkulima anayeianza njia hii anakutana na nini. Mbegu za desmodiamu ni ghali na ndogo, huota polepole, na msimu wa kwanza palizi ni kazi kubwa, maana mtu asipoijua huing'oa akidhani ni gugu. Kayongo haitoweki mwaka huo. Kama mkulima angeambiwa asubiri shamba litakate, angeacha. Kilichomshika ni kwamba kulikuwa na vitu vya kuona njiani: nepia ilikatwa kulisha ng'ombe, desmodiamu ikawa lishe ya mbuzi na ng'ombe wa maziwa, na mistari yenye desmodiamu ikatofautiana na isiyo nayo mpaka jirani akasimama kando ya njia kuuliza. Walioieneza waliwaleta wakulima kwenye mashamba ya wakulima wenzao, wakaona kwa macho na kuuliza maswali kwa Kijaluo. Njia yenyewe nayo haikuachwa ilivyo. Ukame na joto vilipozidi, watafiti walibadilisha mimea: desmodiamu ya jani la kijani na nyasi za brakiaria, zinazostahimili zaidi, zikaingizwa mahali pa zile za mwanzo. Lengo lilibaki, mimea ikabadilika. Odhiambo alifariki mwaka 2003, na kazi iliendelea kukua baada yake, ikawafikia makumi ya maelfu ya wakulima Afrika Mashariki na kwingineko. Hiyo haingewezekana kama ari yote ingekuwa imewekwa ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Hilo linanileta kwenye mzigo. Viongozi wengi wa vikundi vyetu huchoka kwa sababu wamekuwa kila kitu: mwenyekiti ndiye anayepigiwa simu na chifu, ndiye mwenye nywila ya akaunti, ndiye anayesuluhisha ugomvi wa mume na mke wa mwanachama, ndiye anayetoa nauli ya kwenda Migori mjini. Wanachama humsifu kwa kujitoa, naye anaona fahari, na sifa hizo ndizo zinazomfunga. Kijiji cha Lwala, Kamagambo Kaskazini huko Rongo, kinafundisha njia nyingine. Watu wa kijiji walitamani zahanati kwa miaka. Milton Ochieng' alipopata nafasi ya kusoma Chuo cha Dartmouth, Marekani, majirani waliuza mifugo ili kumtafutia nauli ya ndege. Yeye na ndugu yake Fred walifiwa na mama, kisha na baba, kwa ugonjwa wa UKIMWI, kabla zahanati haijasimama. Ni pigo ambalo lingetosha kumaliza ari ya mtu yeyote. Lakini kazi haikuwa yao peke yao: kijiji kilikuwa kimeweka mali yake ndani yake, na marafiki wa chuoni walikuwa wakichangisha. Zahanati ilifunguliwa mwaka 2007, na baadaye ikakua kuwa hospitali. Wakunga wa jadi, ambao wengine wangewaona kama wapinzani, walichukuliwa, wakafunzwa na kulipwa kama wahudumu wa afya wa jamii, na wao ndio wakawaleta wajawazito kujifungulia hospitalini. Mpinzani akishapewa kazi yenye heshima na malipo, kiongozi amepunguziwa vita na ameongezewa mikono kwa siku moja. Katika machimbo, mama anayejulikana kwa kuchoma zebaki vizuri kuliko wote ndiye anayefaa kukabidhiwa chombo kipya cha kunasa mvuke, kabla ya kijana mwenye cheti.

Wapo watakaosema nimepunguza nafasi ya moyo kupita kiasi. Watanikumbusha Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Kisiwa cha Rusinga, na kuuliza kama mtu yule alisukumwa na daftari. Ni swali la haki. Mboya alikuwa na kipaji cha kuwasha watu, na hakuna atakayekikana. Hata hivyo mtazame alivyofanya kazi ya kuwapeleka vijana Marekani kusoma. Hakuwaambia watu wapiganie elimu ya juu kwa jumla, jambo lisilo na mwisho. Alitafuta nafasi za masomo moja moja, kisha ndege moja, na mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaondoka Nairobi. Nauli na posho zilichangwa Marekani na watu kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier, na huku nyumbani wazazi na vijiji walichanga kwa kadiri yao. Serikali ya Marekani ilipokataa kugharamia safari ya 1960, alimwendea John F. Kennedy, na mfuko wa familia hiyo ukatoa dola 100,000. Mlango mmoja ulifungwa akagonga wa pili, na aliweza kugonga kwa sababu alijua hasa anaomba nini: viti vya ndege, idadi yake na gharama yake. Moyo alikuwa nao. Lakini moyo ulipewa kitu cha kuhesabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silichukulii kijuujuu. Watu watasema haya ni maneno ya walioshiba. Kwamba mwanamke anayelipwa kwa ndoo ya mawe aliyoponda hana nafasi ya mikutano na madaftari, na kinachomkwamisha ni umaskini. Ni kweli, na kiongozi anayedai subira kutoka kwa mwenye njaa anamdhulumu. Ndiyo maana naona hatua ya kwanza ya lengo gumu inapaswa kuwa ile inayoongeza kipato mapema, hata kama si ile iliyo muhimu kuliko zote. Katika dhahabu hatua hiyo ipo. Njia ya zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya mchanga uliooshwa, na mchanga huo hununuliwa kwa bei ya chini na wenye mitambo ya kemikali, ambao huitoa dhahabu iliyobaki. Kikundi kinachosaga mawe yakawa laini zaidi, kinachoosha kwa uangalifu zaidi, na kinachouza mchanga wake kwa pamoja baada ya kuupima badala ya kila mtu kuuza rundo lake kwa kukisia, kina nafasi ya kupata shilingi zaidi hata kabla ya kugusa suala la kibali. Zikipatikana, zitashikilia watu kwenye safari ndefu kuliko hotuba.

Lipo la tatu: je, kudumu si wakati mwingine ukaidi tu? Machimbo yenyewe yana mifano ya vikundi vilivyofuata shimo tupu kwa miezi, vikakopa, vikauza ng'ombe, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema liachwe. Barry Staw alichapisha mwaka 1976 jaribio ambalo kila kiongozi angefaa kulijua. Wanafunzi wa biashara walipewa kazi ya kugawa fedha za kampuni. Wale ambao uamuzi wao wenyewe wa kwanza ulikuwa umeleta hasara waliongeza fedha nyingi zaidi mahali pale pale kuliko wale waliorithi uamuzi wa mwingine. Maana yake, aliyeanzisha jambo ndiye asiyeaminika kuhukumu kama linafaa kuendelea, si kwa ubaya bali kwa sababu anatetea jina lake. Dawa yake huwekwa mapema, wakati akili zimetulia. Kabla ya kuanza kuchimba, kikundi kiandike kina cha futi ngapi au tarehe ipi kitasimama kutazama upya, na kiseme ni nani, asiyekuwa mwenyekiti, atakayeongoza mjadala siku hiyo. Vivyo hivyo kwa kila njia ya kufikia lengo kubwa. Kuacha shimo siyo kuacha dhahabu, na wanachama waliozoea kuacha njia mbovu kwa utaratibu hawahitaji kudanganyana ili waendelee pamoja.

Kuhusu mapumziko sitasema mengi, maana kila mtu anajua anayahitaji na wachache huyachukua. Ninachopendekeza ni mapumziko yenye tarehe. Mara moja kwa mwaka mwenyekiti akae kando miezi miwili mizima, amkabidhi makamu wake muhuri, daftari, funguo za ghala na simu ya kikundi, na asipigiwe isipokuwa mtu ameumia. Wengi wataogopa kwamba mambo yataharibika, na pengine kitu fulani kitaharibika kweli. Kitakachoharibika kitaonyesha mahali ambapo kikundi kilikuwa kimesimama juu ya mtu mmoja. Ikigundulika kwamba mbali na mwenyekiti hakuna ajuaye nambari ya faili ya ombi lao kwenye ofisi ya madini, wala jina la afisa anayeishughulikia, basi ajenda ya kwanza ya mkutano unaofuata imeshapatikana, na mtu wa kutumwa Migori mjini Jumatatu achaguliwe hapo hapo.